Anza na daftari la deni: programu yangu ya kwanza ilivyotoka dukani kwa shangazi, Ngamiani

Vijana hunifuata jioni nikiwa barazani na kikombe cha kahawa, na swali ni lile lile: "Kaka, nianze na lugha gani ya kompyuta? Python, JavaScript, au ile ya kutengeneza programu za simu?" Nami humrudishia swali: unamjua nani mwenye daftari? Wengi huona nawazungusha. Lugha mtu huizoea ndani ya miezi michache. Kinachokosekana ni kazi ya kuifanyia, na asiye na kazi huishia kurudia somo la kwanza mara saba, kila mara kwa mwalimu mpya wa video, bando likiteketea.

Daftari langu la kwanza lilikuwa la shangazi. Ana duka barabara ya 14 hapa Ngamiani, Tanga: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za mche. Chini ya meza kuna kaunta buku lenye madeni ya nusu ya mtaa. Siku niliyomwambia nataka kumwandikia kodi kwenye kompyuta alishtuka: "Kodi gani tena, mwanangu? Ya nyumba si nimelipa juzi!" Nilimaanisha code, maagizo ninayoiandikia kompyuta. Tangu hapo nasema msimbo.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo haina kompyuta. Nenda ukakae. Nilikaa siku tatu juu ya kreti la soda, nikaandika anachokifanya, maana anachokifanya mtu na anachosema anakifanya havifanani. Mwenyewe alisema, "Naandika jina na pesa, basi." Ukurasa wenyewe ulikuwa hivi:

Mama Asha bati jekundu, unga 2, sukari nusu, 4,900/=
Juma Baiskeli kapunguza 2,000
Mama Asha wa Bakari, kibiriti, mchele 1, 3,000/=
Yule wa bajaji 1,500

Usiharakishe kuupita ukurasa huo. Mama Asha ni wawili. Malipo na deni vimepangwa safu moja, na kinachovitenganisha ni neno "kapunguza" tu. Pesa mara ina alama ya /=, mara haina. Halafu yupo huyo wa bajaji.

"Shangazi, huyu nani?"
"Si yule wa bajaji."
"Akiiuza bajaji je?"
"Atabaki yule wa bajaji."

Nilicheka, lakini shangazi alikuwa amenifundisha jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa kumi: kila mteja apewe alama isiyobadilika hata jina, kazi au nyumba ikibadilika. Nikampa kila mmoja namba, M001, M002, na kuendelea. Jina likakaa kwenye faili lake peke yake. Nilifikiria kutumia namba ya simu, nikaiacha, kwa sababu mtu hubadilisha laini, na mke na mume huweza kutumia simu moja. Na ukitunza namba za simu, zitunze kama maandishi. Ukiiambia Python igeuze 07 na tarakimu zinazofuata kuwa namba ya hesabu, sifuri ya mbele itapotea, na Excel nayo hufanya hivyo hivyo. Kitu usichokijumlisha wala kukitoa, hata kikiandikwa kwa tarakimu, ni maandishi.

Sasa mashine. Laptopu ya mtumba inatosha kabisa. Kama huna hata hiyo, pakua Termux, programu ya kuandikia amri, kwenye simu ya Android, andika `pkg install python`, na Python utakuwa nayo. Utaumia vidole tu kwa kuandika. Kwenye laptopu weka Python na kihariri kimoja cha msimbo, VS Code au kingine chochote, usibishane na mtu juu ya hilo. Pakua pia maelezo ya Python yenyewe kutoka kwenye tovuti yao, yapo kama faili la kubeba, ili umeme na mtandao vikiondoka pamoja uwe na cha kusoma mpaka betri iishe.

Jambo moja lilinila siku mbili. Masomo yangu niliyapata kwenye flashi ya rafiki, ya zamani, na kila mfano uliandika `print` bila mabano. Kwangu ulikataa. Kumbe masomo yalikuwa ya Python 2, ambayo iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Kabla hujaanza somo lolote andika `python --version` ujue unayo ipi, kisha utazame somo lako ni la mwaka gani.

Kwa nini Python? Kwa kazi hii, kwa sababu mistari yake ni michache na ikikataa inakwambia imekataa wapi. Guido van Rossum aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991, kwa hiyo karibu kila kosa utakalolifanya limeshafanywa na mtu na likapata jibu.

Niliandika mistari ya daftari kwenye faili la maandishi matupu, sehemu nne zikitenganishwa kwa koma: tarehe, mteja, maelezo, kiasi. Nikaendesha programu, ikanijibu hivi:

```
ValueError: too many values to unpack (expected 4)
```

Juu yake kulikuwa na mistari mingine ya kutisha. Ukiona rundo hilo anza kusoma chini, mstari wa mwisho ndio unaotaja kosa, kisha panda juu kidogo utafute namba ya mstari wa msimbo wako. Hapa Python inalalamika kwamba ilitarajia vipande vinne ikapata zaidi. Nilitazama nusu saa nzima ndipo nikaona: shangazi anaandika 4,900 kwa koma, na "unga kilo 2, sukari nusu" kwa koma. Koma zangu na koma zake zilikuwa zimegongana. Mwandika programu mgeni angemwambia shangazi aache koma. Usifanye hivyo, mwenye daftari ana miaka mingi ya kuandika hivyo. Badilisha wewe. Nikatumia nukta mkato kutenganisha:

```
2024-03-07;M014;unga kilo 2, sukari nusu;4,900/=
2024-03-07;M009;kapunguza;-2,000
```

Na programu nzima ikawa hii:

```
madeni = {}

for mstari in open("daftari.txt", encoding="utf-8"):
    if not mstari.strip():
        continue
    tarehe, mteja, maelezo, kiasi = mstari.strip().split(";")
    kiasi = kiasi.replace("/=", "").replace(",", "")
    madeni[mteja] = madeni.get(mteja, 0) + int(kiasi)

for mteja, deni in madeni.items():
    print(mteja, deni)
```

Iandike kwa mkono wako, usiinakili. `madeni` ni kama kabati lenye droo, kila droo ina namba ya mteja. Programu inachukua mstari mmoja mmoja, mtupu inauruka, wenye maneno inaukata vipande vinne, inaondoa mapambo ya pesa, kisha inaongeza kiasi kwenye droo ya mteja. Droo ikiwa bado haipo, inaanzia sifuri. Malipo yana alama ya kutoa mbele, kwa hiyo deni linapungua lenyewe. Na majina unayoyatunga ndani ya msimbo, kama `madeni` na `kiasi`, yaandike kwa Kiswahili. Python haijali, na mwezi ujao ukirudi utaelewa ulichokiandika.

Pesa ziwe namba nzima, shilingi tupu. Andika `0.1 + 0.2` kwenye Python uone: utapewa 0.30000000000000004. Kompyuta hutunza sehemu za desimali kwa mfumo wa mbili, na moja ya kumi haikai humo sawasawa. Dukani ugomvi huanzia kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Jioni ile nikamsomea shangazi majibu. M031 alikuwa na deni la 11,400. Akauliza M031 nani. Nilikuwa mimi.

Tarehe ndizo zilizonitoa jasho zaidi. Ziandike kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, 2024-03-07, maana hata zikipangwa kama maneno tu zitakaa kwa mfuatano wake. Hilo ni jepesi. Lililonishika ni mteja mmoja aliyekuja juu, anaonyeshwa deni la Ijumaa usiku wakati Ijumaa nzima alikuwa Pangani. Shangazi alishikilia kwamba alikopa, mteja naye akashikilia kwamba hakuwepo, na wote wawili walikuwa wakweli. Shangazi alikuwa amenitajia "usiku wa Ijumaa", na kwa watu wa umri wake hapa pwani usiku hutangulia mchana wake: ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Mimi, mtoto wa simu, nikaandika tarehe ya Ijumaa. Toka siku hiyo mtu akinitajia usiku nauliza, "Wa kuamkia lini?"

Na saa ni hivyo hivyo. Shangazi akisema saa mbili usiku, kompyuta inataka 20:00. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Ndani ya faili tunza saa za kompyuta tu, na ugeuzaji wa saa sita uufanye mahali pamoja, pale unapomwonyesha mtu. Ukiuweka sehemu tatu, siku moja utageuza mara mbili na mama wa watu ataambiwa alikopa mkate usiku wa manane.

Faili la maandishi lilitufikisha mistari elfu kadhaa, kisha nikahamia SQLite. Ni hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, imo ndani ya simu yako ya Android sasa hivi, na Python inakuja na moduli yake, `sqlite3`, kwa hiyo huna cha kupakua. Jifunze maneno manne ya SQL, lugha ya kuongea na hifadhidata: SELECT (chagua), INSERT (ingiza), UPDATE (badilisha) na DELETE (futa), na hilo la mwisho uliogope. Katika yote niliyojifunza, SQL ndiyo iliyonilipa muda mrefu zaidi. Lugha za juu yake zimebadilika, yenyewe ipo pale pale.

Jifunze pia Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa kazi ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Inatunza kila hatua ya msimbo wako, ukiharibu unarudi nyuma. Ila nikutahadharishe. Mimi nilidhani nikiwa na Git nina akiba. Diski ya laptopu ikafa asubuhi moja, na Git yangu yote ilikuwa kwenye diski ile ile. Kilichoniokoa ni kaunta buku: nilikuwa nimemwomba shangazi aendelee kuandika kwa kalamu miezi miwili sambamba na programu, nikakaa siku nne nikiingiza upya. Sasa nakala moja ipo nje ya mashine, nyingine kwenye flashi nyumbani.

Msimbo wenyewe unaweza kuuweka kwenye tovuti ya GitHub watu wauone, na ndio wasifu wako wa kwanza wa kazi. Majina ya wadaiwa usiyapandishe huko. Tunga wateja wa uongo wa kuonyeshea. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria, shangazi hajawahi kuliacha daftari wazi juu ya meza.

Hizo lugha nyingine? Zifuate kazi inapokupeleka. Mwenye daftari akitaka kuona madeni kwenye kivinjari, utahitaji JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi mwaka 1995, na siku nyingine utaziona hizo siku kumi. Akitaka programu ya Android, Kotlin. Ukiajiriwa kwenye ofisi yenye mfumo wa zamani huenda ukakuta PHP, na usiidharau mbele ya waliokutangulia.

Kuhusu pesa. Shangazi alinilipa kwa kunifutia ile 11,400 na kuniongezea mchele kilo mbili. Mfanyabiashara wa samaki wa Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, aliona programu dukani kwa shangazi akataka ya kwake, ya kugawa mapato ya chombo kati ya mwenye boti, nahodha na wavuvi. Huyo alilipa taslimu. Kisha ikaja shule moja, jina naliacha, iliyotaka mfumo wa ada. Nikaukamilisha, nikawakabidhi kila kitu kwenye flashi, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu mhasibu kahama. Nimerudi Jumatatu nyingi.

Siku hizi nabeba karatasi moja. Juu nimeandika programu itafanya nini, chini yake itakayoyakosa, na sehemu hiyo ya pili tunaisoma kwa sauti. Nusu ya malipo kabla sijaanza, nusu nyingine siku inapofanya kazi kwenye mashine yao wenyewe, mbele ya yule atakayeitumia, si mbele ya bosi wake. Matengenezo ni kwa mwezi, yameandikwa kando. Na mteja akinishika bega akisema, "Mwanangu, niongezee kitufe kidogo tu pale," natoa kalamu na kukiandika kwenye karatasi mpya, chenye bei yake.