Namna ya kunasa Kihispania ndani ya Kitagalogi

Kama uko Muscat au Dubai na una wenzako kazini Wafilipino, tega sikio wakiongea wao kwa wao Kitagalogi, lugha kubwa ya kwao Ufilipino, utasikia mesa, bandera, sapatos, na utazijua hapohapo maana na sisi tunazo meza, bendera, sapatu. Sisi tulizitoa kwa Wareno, wao kwa Wahispania waliowatawala toka 1565 hadi 1898, na Kireno na Kihispania ni ndugu wa damu.

Anza na sauti. Kitagalogi cha zamani hakikuwa na f wala v, kwahiyo f ikageuka p na v ikageuka b: febrero ikawa Pebrero, fecha yaani tarehe ikawa petsa, ventana yaani dirisha ikawa bintana. Halafu ile s ya mwisho, Wahispania wanaitumia kuonyesha vitu vingi ila Wafilipino waliibeba hivyohivyo, kitunguu kimoja tu ni sibuyas, wakitaka wingi wanatanguliza mga, tamka mang'a, mga sibuyas.

Sasa penye utamu wenyewe ni kwenye vitenzi. Trabaho ni trabajo ya Kihispania, kazi, ila wakishaichukua wanainyambua kwao: nagtrabaho amefanya kazi, nagtatrabaho anafanya kazi, yani ni kama sisi tunavyosema nimeisevu, nitaisevu. Ndo maana mtu akisema Kitagalogi ni Kihispania kilichoharibika mimi nakataa kabisa, maneno ni ya kuazima lakini sarufi ni ya kwao. Ukitaka lugha iliyozaliwa kweli kutoka Kihispania tafuta Chavacano, inaongewa Zamboanga, kusini mwa Ufilipino.

Alafu usiamini maana haraka, hasa kama umewahi kusoma Kihispania. Seguro kwa Mhispania ni hakika, ila siguro kwa Mfilipino ni labda, akikujibu siguro ujue hajakuahidi kitu. Siempre ni daima, siyempre ni "ndio, bila shaka". Almuerzo ni chakula cha mchana, almusal ni chai ya asubuhi.

Mwisho ni saa. Vitu wanahesabu kwa namba zao, isa, dalawa, tatlo, ila saa wanataja kwa Kihispania, alas dos, alas tres. Mwenzako akikwambia mkutane alas otso asubuhi toa sita, ni saa mbili yetu.