Unaenda Saudia kazi za ndani? Angalia haya kabla hujampa ajenti pasipoti

Kuna watu bado wanauliza kama Kenya imekataza wasichana kwenda Saudia. Kwa sasa hapana. Marufuku ilikuwa 2014, serikali ikafuta leseni za maajenti 930, halafu 2017 ikafungua tena lakini na masharti, na hayo masharti ndio ajenti mjanja atakuambia "hayo tutamaliza baadaye".

Anza na yeye mwenyewe. Usimuulize kama ana leseni maana atasema anayo, ingia tovuti ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali, utafute jina la kampuni uone kama liko na leseni haijaisha. Akikwambia eti wako kwa kurenew, achana naye.

Cheti cha tabia njema unaomba eCitizen halafu unaenda kupigwa alama za vidole, medikali utafanya, kisha mafunzo ya kazi za nyumbani yanayotambuliwa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi. Usinunue cheti cha mafunzo tafadhali, utafika Riyadh uwekwe mbele ya mashine ya kufua yenye maandishi ya Kiarabu tupu na madam amesimama hapo anangoja.

Sasa kontrakti, hapa usiharakishwe. Angalia jina la mwajiri, mshahara kwa riyali, siku ya kupumzika, nani analipa tiketi ya kurudi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka afisa wa leba aithibitishe, na kazi yake ni kuhakikisha umekubali mwenyewe na hujadanganywa, kwa hivyo ajenti anayekukimbiza usaini usiku kesho yake ni ndege, jiulize anakwepa nani. Piga picha kila ukurasa utumie mtu wa nyumbani.

Visa iwe ya kazi. Wakati wa marufuku wengi walipitishwa Uganda kimyakimya, na mpaka leo kuna wa kukuambia uende na visa ya kutembea utabadilishiwa huko. Ukikubali, siku umegombana na bosi wewe ndio mwenye makosa, na kule kafala, ule mfumo wa kukufunga kwa mwajiri aliyekuleta, bado iko, yale mabadiliko ya 2021 ya kuhama mwajiri hayakugusa wafanyakazi wa ndani. Kukushikia pasipoti ni kosa hata kwa sheria yao ila wanafanya tu. Namba ya ubalozi wa Kenya Riyadh iandike kwa karatasi, usiiweke kwa simu peke yake, maana simu pia huchukuliwa.