Kalipa na pedi za Hilux ya zamani: soma chuma kabla hujalipa

Ukienda duka la spea na mwaka wa gari peke yake, unaweza kurudi na kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski ya breki) isiyokaa. Hilux 4x4 za miaka ya 1980 na 1990 zinafanana kwa nje, lakini breki za mbele zinatofautiana. Isugue kalipa ya zamani kwa brashi ya waya, kisha usome alama iliyo kwenye chuma chake. S12W imetengenezwa kwa diski nene kuliko ya S12+8. Beba kalipa na pedi kuukuu, uzilinganishe na mpya palepale kaunta.

Kwenye pedi, angalia ubavuni au mgongoni: mara nyingi utakuta herufi mbili, mfano FF au GG. Herufi ya kwanza ni mshiko wa kawaida, herufi ya pili ni mshiko pedi zikipata moto. E ni dhaifu kuliko F, na F kuliko G. Kwa gari la mizigo linaloteremka milima, mimi sinunui ambayo herufi ya pili ni E, hata iwe nusu bei.

Kalipa nunua mbili, kushoto na kulia, na hakikisha skrubu ya kutolea upepo inakaa juu. Fundi akizibadilisha pande, skrubu itakuwa chini, hewa itabaki ndani, na pedali itabonyea hata mkitoa upepo kutwa nzima. Ila kama pistoni, zile zinazosukuma pedi ndani ya kalipa, hazina kutu wala vishimo, huenda mipira mipya ya kuzizibia inatosha, bila kununua kalipa.