Somo: Mnanaa wa ndani ya nyumba, kwa kipande cha shina

Achaneni na mbegu. Za mnanaa ni ndogo kama vumbi, zinasuasua kuota, na mche ukitoka mara nyingi harufu yake si ya mama yake. Tunatumia shina.

1. Chagua shina bichi lisilo na maua, sentimita 10 hivi. Likate chini kidogo ya kifundo, pale majani mawili yanapotazamana.

2. Pukutisha majani ya chini, kisha tia shina kwenye glasi ya maji. Jani lisizame, litaoza. Badilisha maji kila baada ya siku 2. Ndani ya wiki 1 au 2 vinyuzi vyeupe vitachomoza kwenye kifundo.

3. Mizizi ikifika sentimita 3, hamishia kwenye chungu. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Chungu kipana ni bora kuliko kirefu, kwa sababu mnanaa hutambaa, na lazima kiwe na matundu chini. Mimi kuna kopo zuri, halina hata tundu moja, lililoniulia mnanaa mzima. Juu udongo mkavu, nami namwagilia tu. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, inanuka uvundo. Mizizi nayo inahitaji hewa. Changanya udongo na mboji: ukiufumbata ushikamane, ukiugusa uvunjike.

4. Weka dirishani penye mwanga. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole. Ukihisi unyevu, ondoka.

5. Shina likifika sentimita 15, kata ncha juu tu ya jozi ya majani. Yatachipuka matawi mawili. Usiuonee huruma.

MASWALI

– Mwalimu, wangu umerefuka, mwembamba, majani yameachana.
Unatafuta mwanga huo. Usogeze dirishani, ukate nusu, na uwe unageuza chungu kila wiki.

– Naweza kuupanda chungu kimoja na giligilani?
Usithubutu. Mnanaa utajaza chungu chote kwa mizizi, mwenzake afe.

– Majani yana vidoti vyeupe, na chini kuna utando kama wa buibui.
Huo ni utitiri, vidudu vidogo mno. Utitiri hupenda hewa kavu. Osha majani kwa maji, hasa upande wa chini, urudie kila baada ya siku chache.

– Mbona wa mwaka jana umedumaa na maji nampa vizuri?
Ung'oe uone: mizizi imejizungusha mpaka udongo hauonekani. Gawa vipande viwili, panda kimoja kwa udongo mpya. Kingine mpe jirani.