Jikoni moto, bafuni barafu: kabla hujanunua hita nyingine

Watu wa Mbeya mnaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, unaamka saa kumi na moja alfajiri huku Uyole pumzi inatoka kama moshi, unafungua shawa upande wa moto unakutana na barafu, unakimbia jikoni unafungua sinki, yanatoka ya kuunguza kabisa. Mwaka jana ilinikuta hiyo, fundi akaja akaangalia dakika mbili akasema koili ya hita (kile chuma cha ndani kinachochemsha maji) imekufa, nikaenda Mwanjelwa kununua mpya, ikafungwa, bafuni vilevile. Ujinga ulikuwa wangu pia maana jibu lilikuwa palepale kwenye sinki: kama jikoni na bafuni wanatumia hita moja na jikoni ni moto, basi umeme upo na koili nzima. Maji yanachemka, ila hayafiki.

Hakikisha kwanza ni hita moja kweli, kuna nyumba zina kahita kadogo ka jikoni peke yake. Kama ndo hivyo angalia breka ya hita ya bafuni, haya mengine hayakuhusu.

Sasa bafuni fungua moto tupu, kinga ndoo. Bomba la nusu inchi linabeba kama lita 2 kila mita 10, so ndoo ya lita 10 ikijaa na bado baridi usisingizie umbali. Cheki pia yanatokaje, kwa nguvu, yanachuruzika au yanakohoa.

Kwa nguvu ila baridi ndo ilikuwa kesi yangu, na ndo inayodanganya mafundi wengi. Zima breka ya hita, usiruke hapo, afu funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita (wenye sola juu ya bati fungeni koki ya kutokea, maana tanki lile linashuka lenyewe). Rudi bafuni fungua moto. Yanatakiwa yakate baada ya muda mfupi maana hamna kinachosukuma. Yakiendelea kumwagika tu, ujue hayo ni ya bomba la baridi, yamevukia kwenye miksa (bomba linalochanganya moto na baridi) mojawapo humo ndani. Anza na miksa yenye shawa ya mkononi, mtu anaoga anazima kwa kubonyeza kikichwa, miksa yenyewe anaiacha wazi katikati, basi baridi na moto vinakutana humo na mwenye presha anamsukuma mwenzie. Kwangu ilikuwa bafu la wageni, mdogo wangu aliiacha hivyo toka Pasaka! Kama zote zimefungwa, funga engo valvu (kikoki kidogo cha ukutani) ya maji baridi ya kila miksa moja moja, ile ambayo ukiifunga maji yanakata ndo mbovu, na badilisha katriji (kiini cha ndani ya miksa) tu, usikubali kuuziwa miksa nzima kama katriji yake inapatikana.

Yanachuruzika: uchafu. Fungua kichwa cha shawa na chujio, loweka kwenye siki, osha. Angalia pia kama kuna mtu kaifunga engo valvu nusu.

Yanakohoa, hasa baada ya mgao wa maji, hiyo ni hewa imekaa kwenye bomba la moto. Hita ikiwa imezimwa, ziba mdomo wa miksa kwa kiganja, fungua moto na baridi kwa pamoja sekunde kadhaa, baridi itaisukuma hewa irudi nyuma. Kama kuna valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye laini hiyo haitafanya kazi. Na kwa tanki la sola lisilo la presha fanya kidogo kidogo.

Kuna nyingine ya nyumba zetu: baridi inatoka moja kwa moja kwa mamlaka ya maji, moto inatoka kwenye tanki la mnara. Mnara wa mita 3 unakupa baa 0.3 tu, ukichanganya kwenye shawa baridi inaizima moto kabisa. Bana engo valvu ya baridi, au zote zitoke tanki moja.

Shemeji yangu yuko Uingereza, kwao boila moja inapeleka maji kwenye mabomba na kwenye redieta za kupasha vyumba. Alinipigia redieta zimepoa ila anaoga moto. Mantiki ileile, boila haina kosa, nikamwambia aanze na saa ya kuwashia boila na tamostati (kidhibiti joto) ya chumba, vikiwa sawa amwite fundi aangalie valvu ya njia tatu, ile inayoamua moto uende kwenye redieta au kwenye maji ya kuoga, kama imeganda upande wa maji ya kuoga.

Ukimaliza fungua koki zote, acha bomba la moto jikoni litiririke mpaka hewa iishe, ndo uwashe breka. Ukiwasha tanki likiwa tupu koili inaungua kweli, hapo Mwanjelwa utaenda kihalali.