Redio ya mkononi au ya kufungwa garini?

Mkitoka Malindi kwa msafara kuelekea lango la Sala, Tsavo Mashariki, msitegemee redio za mawasiliano za mkononi peke yake. Nyingi hutoa wati 5 hivi, na ukiongea ukiwa ndani ya gari, bodi ya chuma humeza sehemu kubwa ya mawimbi. Ya kufungwa garini hutoa wati 25 hadi 50, lakini kinachosaidia zaidi ni antena iliyo nje, juu. Kwa VHF (mawimbi ya redio yanayotumiwa na redio nyingi za magari) ya karibu 150 MHz, antena ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi moja, ni sentimita 50 tu. Ifunge katikati ya paa la chuma ili isikike pande zote sawasawa. Ukiifunga kwenye bampa, upande mmoja utadhoofika.

Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri. Soketi ya sigara haifai: redio ya wati 50 huvuta zaidi ya ampea 10 kila unapobonyeza kuongea, na fyuzi ya soketi huweza kukatika. Usibonyeze kabla antena haijaungwa. Nguvu hurudi ndani na huweza kuunguza transista ya kurushia mawimbi. Hewa yetu ya chumvi nayo hula viungo vya antena, basi vizungushie tepu ya mpira.

Ya mkononi beba moja hata hivyo, kwa anayeshuka kupima kina cha maji au kumwongoza dereva mchangani.

Leseni ya masafa ya redio (frikwensi) huombwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.