Kupima sumukuvu kwa kijiti: mstari ukififia, sumu ipo

Nafaka inaweza kuonekana safi, haina ukungu wala harufu, na bado ikawa na aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu. Kuvu hupukutika wakati wa kupepeta, sumu hubaki ndani ya punje, na kuichemsha hakuimalizi. Kwa hiyo lazima upime, na vipimo vingi vya haraka, kama kijiti kinacholoweshwa kwa sampuli, hutegemea kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili.

Kingamwili hunasa kitu kimoja mahususi. Aflatoksini ni molekuli ndogo mno, peke yake haiamshi kinga ya mnyama. Maabara huibandika kwenye protini kubwa, hudunga panya, kisha hukuza seli zinazotoa kingamwili hizo. Mbinu ya kuzikuza ilibuniwa Cambridge mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein.

Udogo huohuo ndio unaofanya kijiti kisomwe kinyume na wengi wanavyodhani. Mstari wa kipimo umepakwa aflatoksini iliyobandikwa kwenye protini. Kingamwili zenye rangi zikifika hapo zikiwa tupu, hunasa na mstari hukolea. Sampuli ikiwa na sumu nyingi, kingamwili hufika zimeshajaa, hupita tu, na mstari hufifia au hautokei. Aliyezoea kipimo cha mimba ataona hakuna mstari, afurahi, apakie mzigo! Mstari wa pili, wa uhakiki, sharti utokee. Usipotokea, kijiti hicho tupa.

Lakini kwa maoni yangu kijiti si tatizo kubwa. Tatizo ni sampuli. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, hivyo konzi moja ya juujuu haikuambii kitu. Tumia bambo, kile chuma cha kuchomeka guniani kutoa nafaka, chota juu, katikati na chini, katika magunia mengi kadiri uwezavyo. Changanya, saga kilo zote ulizokusanya mpaka ziwe unga laini, changanya tena, ndipo upime gramu chache za kuloweka kwenye kiyeyusho. Ukichota kwanza gramu hizo kwenye punje nzima ndipo usage, umerudi kwenye kubahatisha. Safisha mashine kati ya mzigo na mzigo.

Soma kijiti kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, si baada ya chai. Kama kilitoka kwenye friji, kiache kwanza kifikie joto la chumba kabla ya kufungua pakiti. Kijiti cha mahindi usikitumie kwa karanga bila idhini ya mtengenezaji, na cha aflatoksini hakioni fumonisini, sumukuvu nyingine. Jibu likikaribia kikomo cha sheria, tenga mzigo na upeleke sampuli maabara ikathibitishwe.